Kufufua Gari Kuukuu Nyumbani: Elimu ya Kutu kwa Mwenye Fedha Kidogo

Msafiri apitaye barabara iendayo Tanga kutoka Segera hakosi kuona, ubavuni mwa nyumba au chini ya mwembe, gari la zamani lisilo na magurudumu ambalo kuku wamekwisha kulifanya mahali pa kutagia. Mara nyingi gari hilo ni Land Rover. Wapita njia huliona kuwa ni takataka. Wanunuzi wa vyuma chakavu hulipimia bei kwa kilo. Naye mwenyewe, kama angali hai, husema ya kuwa siku moja atalitengeneza. Katika makala haya nakusudia kueleza ni wakati gani kauli hiyo ya mwisho huwa na maana, na ni kwa kiasi gani elimu ya sayansi yaweza kumpunguzia gharama mtu wa kipato cha kawaida.

Mfano nitakaoutumia ni gari la marehemu baba yangu mdogo, huko Muheza. Ni Land Rover la toleo la tatu, lenye urefu wa inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na injini ya petroli ya lita 2.25. Kwa miaka mingi lilipeleka machungwa Tanga mjini na kurudi na matenga ya samaki. Mwaka 2013 likasimama, na likakaa chini ya mti kwa miaka 11. Baada ya mazishi ndugu walikubaliana kwamba liuzwe kwa kilo, na fedha apewe mama mdogo. Yeye hakuridhika, kwa sababu gari lile ndilo lililokuwa mtaji wa nyumba ile, na fedha za vyuma chakavu zisingemfikisha mbali. Niliomba nipewe mwaka mmoja na nusu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Haya, mwanangu. Lakini ukishindwa, liondoe usiku, nisilione." Nami nilijiwekea mpaka wa gharama, yaani jumla ya mishahara yangu ya miezi mitatu, isiongezeke hata senti moja.

Yafaa kwanza tulielewe gari lenyewe. Land Rover la kwanza lilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili, 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani. Chuma cha pua kiligawiwa kwa kipimo, lakini alumini ilikuwa ikipatikana kwa wingi. Kwa hiyo wahandisi walitengeneza bodi kwa mabamba ya alumini, wakaacha chuma kwa sehemu zenye kubeba mzigo: chesisi, ukuta utenganishao injini na dereva, na baadhi ya fremu. Uamuzi huo wa wakati wa dhiki ulidumu katika matoleo yaliyofuata, likiwamo hili la tatu lililotengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Ndiyo sababu gari la aina hii laweza kukaa mvuani miaka mingi na bado mashavu yake yakaonekana mazima. Mnunuzi asiyejua hudanganyika hapo. Bodi haina habari ya kumpa. Habari yote iko chini, katika chesisi.

Chesisi ya Land Rover ni sanduku refu lililofanyizwa kwa mabamba ya chuma yenye unene wa karibu milimita 2, yakachomelewa kingoni. Sanduku ni umbo lenye nguvu nyingi kwa uzito mdogo, lakini lina kasoro moja ya kimaumbile: tope na maji yakiingia ndani, hayaonekani wala hayakauki upesi. Kwa hiyo huliwa kutoka ndani kuja nje, na siku tundu linapotokea nje, ugonjwa umekwisha kuwa wa zamani. Kipimo chake hakihitaji mtambo. Lala chini, chukua nyundo ndogo, gonga kila sentimita 5 kwa urefu wote wa chesisi, usikilize. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kufifia kama debe lililojaa mchanga. Pale sauti inapofifia, choma kwa bisibisi kuukuu. Ikizama, weka alama ya chaki.

Nilifanya hivyo kwa muda wa alasiri mbili, na alama za chaki zikatoa picha ya kuvutia. Upande wa mbele, chini ya injini, chesisi ilikuwa nzima kabisa, kwa kuwa oili iliyovuja kidogo kidogo kwa miaka ilikuwa imeipaka na kuikinga. (Huenda hii ndiyo faida pekee ya injini inayovuja.) Boriti ya nyuma, kwa upande mwingine, ilikuwa imeoza karibu yote. Sababu ni samaki. Maji ya chumvi kutoka katika matenga yalidondoka nyuma safari baada ya safari, yakaingia katika viungo vya chuma na kutulia humo.

Hapa hatuna budi kutazama kutu ni nini hasa. Chuma hakiliwi na maji peke yake, wala na hewa peke yake. Huliwa na maji na oksijeni vikiwa pamoja, na tendo lenyewe ni la umeme. Weka tone la maji ya chumvi juu ya bamba safi la chuma. Utadhani kutu itaanza pembezoni, ambako hewa ni nyingi. La hasha! Chuma huyeyuka katikati ya tone, mahali penye oksijeni haba, na elektroni zinazoachwa hupita ndani ya bamba kwenda pembezoni, ambako oksijeni huzipokea. Tone moja la maji, basi, ni betri ndogo. Chumvi huzidisha mambo kwa njia tatu: huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, huvunja utando mwembamba unaokikinga chuma, na huvuta unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana chuma cha Tanga hufa kabla ya chuma cha Dodoma. Ndiyo maana pia tope lililogandamana ni adui mkubwa kuliko mvua yenyewe. Chini ya tope oksijeni ni haba, na hapo ndipo chuma kinapoliwa. Zaidi ya hayo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotoka. Ikizaliwa kati ya mabamba mawili yaliyobanana, hufutuka na kuyaachanisha kwa nguvu inayoweza kukata hata riveti.

Mahali chuma na alumini vinapogusana pana betri ya aina nyingine. Metali mbili tofauti zikiloweshwa kwa maji yenye chumvi, ile iliyo nyepesi kutoa elektroni huliwa kwa ajili ya mwenzake. Katika Land Rover alumini ndiyo inayoliwa, na dalili yake ni unga mweupe kandokando ya bolti. Kanuni hii si mpya. Mwaka 1824 Humphry Davy aliitumia kwa makusudi, alipofunga vipande vya zinki na chuma katika meli za Uingereza ili viliwe badala ya shaba iliyofunika matumbo ya meli hizo. Kwa mwenye gari tiba ni kuzitenga metali hizo mbili. Mimi nilikata kanda za plastiki kutoka katika madumu, nikaziweka kati ya bodi na chesisi, na kila bolti nikaipaka grisi kabla ya kuirudisha. Wengi hutumia mpira wa ndani wa tairi, lakini siupendekezi. Weusi wake ni kaboni, nayo yaweza kupitisha umeme ule ule tunaoukimbia.

Sasa tuje kwenye kuondoa kutu. Boriti iliyotoboka haina dawa isipokuwa kukatwa mpaka kufikia chuma kinachong'aa, kisha kuchomelewa kipande kipya kisicho chembamba kuliko cha asili. Kazi hii nilimpa fundi mchomeleaji, nami nikamwandalia kila kitu ili nilipie saa zake za kuchomelea tu, si za kusugua na kupima. Fundi wa kwanza niliyemwendea alinishauri kuziba matundu kwa lipu ya bodi, kusugua kwa msasa na kupaka rangi. Lipu haibebi mzigo. Gari lililotengenezwa hivyo hupendeza mnadani, na siku likikutana na shimo likiwa na magunia kumi nyuma, chesisi hukatika.

Kwa vipande vidogo vilivyo na kutu lakini havijatoboka, mwenye fedha kidogo ana mbinu tatu za kemia ambazo vifaa vyake viko katika masoko yetu.

Ya kwanza ni umeme. Chukua ndoo ya plastiki, uijaze maji, utie magadi ya kufulia yaliyo safi kiasi cha kijiko kimoja kwa kila lita. Magadi ghafi kama yale ya Ziwa Natron aghalabu huwa na chumvi ndani yake, kwa hiyo hayafai sana kwa kazi hii. Tumbukiza kifaa chenye kutu, na pembeni yake bamba la chuma cha kawaida, bila kugusana. Chaja ya betri ya volti 12 iunganishwe hivi: waya hasi kwenye kifaa, waya chanya kwenye bamba. Ukigeuza, kifaa chako ndicho kitakacholiwa. Viputo vya hidrojeni huanza kutoka kwenye kifaa, kutu hulegea, na sehemu yake hugeuka kuwa unga mweusi unaoondoka kwa brashi. Kazi huchukua usiku kucha. Ifanyike nje, mbali na moto na sigara, kwa kuwa hidrojeni hulipuka. Bamba la upande wa chanya kamwe lisiwe la chuma kisichoshika kutu cha sufuria na vijiko, maana kina kromiamu, nayo yaweza kugeuka kuwa sumu kali ndani ya ndoo. Vilevile usiweke humo springi wala bolti ngumu za usukani, kwa sababu hidrojeni hupenya katika chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla. Wala alumini isiwekwe, kwani magadi huiyeyusha.

Mbinu ya pili ni molasi, masalio yale ya viwanda vya sukari ambayo wafugaji huwapa ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, kifaa kiloweke majuma mawili au matatu. Viambata vilivyomo huzishika ioni za chuma kutoka katika kutu na kuziacha zielee majini. Haihitaji umeme, nayo hufika katika pembe ambazo umeme haufiki. Ubaya wake ni harufu na nyuki. Mama mdogo aliniamuru niuhamishie pipa lile nyuma ya banda la mbuzi, na hakukosea.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Gome la miwati lina tanini nyingi. Ndiyo iliyofanya mti huo upandwe kwa wingi Njombe, kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Tanini ikikutana na kutu nyembamba huungana nayo na kuwa kitu cheusi chenye rangi ya samawati, kisichoyeyuka upesi majini. Maji mazito ya gome lililochemshwa, yakipakwa mara mbili juu ya chuma kilichosuguliwa kwa brashi ya waya, huacha utando mweusi ulio tayari kupokea rangi. Gome la mkoko lina tanini vilevile, lakini mikoko yetu ina kazi kubwa zaidi ya kuzuia bahari isile nchi, na kuikata bila kibali ni kosa. Ieleweke kwamba tanini hutuliza kutu nyembamba tu. Kutu inayobanduka kama magome haisikii dawa hii.

Injini ilikuwa fumbo la pili. Baada ya miaka 11 pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda. Jirani mwema alijitolea kulivuta gari kwa trekta likiwa gia ya tatu ili injini igeuke. Nilimshukuru, nikakataa, kwa sababu ringi zilizoganda huvunjika kwa mvuto wa namna hiyo na kukwangua silinda. Badala yake nilitoa plagi zote nne, nikamimina katika kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi, nikasubiri. Kila jioni mwanafunzi mmoja wa sekondari, mjukuu wa marehemu, alijaribu hendeli taratibu. Siku ya tisa ilisogea upana wa kidole. Siku ya kumi na mbili ilizunguka.

Injini kuzunguka si dalili ya uzima. Mafundi wengi wangeshauri ifunguliwe yote, silinda zichongwe, pistoni zinunuliwe mpya, na hapo fedha zangu zote zingeishia. Kipimo cha mgandamizo kilinionyesha njia nyingine. Geji huingizwa mahali pa plagi na injini huzungushwa. Silinda tatu zilikaribiana, ya nne ikawa chini sana. Swali likawa: hewa inapitia wapi, kwenye ringi au kwenye valvu? Jibu hupatikana kwa kijiko cha oili. Mimina kijiko kimoja katika silinda dhaifu, upime tena. Oili huziba nafasi za ringi kwa muda mfupi, kwa hiyo geji ikipanda, ringi zimechakaa. Isipopanda, tatizo ni valvu. Yetu haikupanda. Kwa hiyo kichwa cha injini peke yake ndicho kilichofunguliwa, na sehemu ya chini yote ikaachwa ilivyo.

Ndani ya kichwa tuliona valvu za kutolea moshi zimezama katika viti vyake, na ile ya silinda ya nne imezama kupita kiasi. Historia ya jambo hili yapasa kujulikana na kila mwenye injini ya zamani. Tangu miaka ya 1920 petroli ilitiwa kiambata cha risasi ili injini isigonge. Risasi ile ilikuwa na kazi ya pili ambayo haikukusudiwa: iliacha utando juu ya viti vya valvu, ukazuia chuma cha moto kugandana na chuma kingine. Lakini ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini ya Sahara walikubaliana huko Dakar kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondoka katika petroli ya nchi zetu. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Uamuzi huo ulikuwa mwema mno, ila injini zenye viti laini zikabaki bila kinga. Tiba ni kuchonga viti vya zamani na kupachika pete za chuma kigumu. Kazi hiyo ilifanywa na karakana moja ya mashine Dar es Salaam kwa siku moja, na ndiyo gharama kubwa pekee ya injini. Valvu zenyewe tulizisaga kwa mkono, kwa ungaunga wa msasa na kijiti chenye kinyonyo, jioni mbili tukiwa tumekaa barazani.

Katika breki sikubana matumizi, wala simshauri mtu yeyote abane. Viatu vya breki vya zamani vyaweza kuwa na asbestosi, ambayo vumbi lake huleta saratani. Usipulize dramu kwa hewa, ulowanishe kwa maji yenye sabuni na ufute. Mabomba ya breki tuliyatupa yote na kuweka ya aloi ya shaba na nikeli. Shaba tupu ni rahisi zaidi lakini huchoka kwa mitetemo na kupasuka. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa: yale yenye alama ya DOT 3 huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakishiba maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu yakichemka huwa mvuke, mvuke hugandamizwa, na pedali hushuka hadi sakafuni. Nunua chupa iliyofungwa. Na wale wanaoongeza oili ya injini katika breki wajue ya kuwa oili hiyo huvimbisha mipira yake, na mfumo wote huharibika.

Tairi zilizokaa miaka 11 hazifai hata kama kashata zake ni ndefu. Katika ubavu wa tairi mna tarakimu nne: mbili za juma na mbili za mwaka. Tairi yenye 2413 ilitengenezwa juma la 24 la mwaka 2013. Muuzaji mmoja alinionyesha tairi nne "mpya kabisa", zikiwa zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Tarakimu zake zilisema 1109.

Juu ya nyaya za umeme sina mengi: panya walikuwa wamezila, tukafunga mpya. Rangi tuliipaka kwa brashi. Ile ya zamani tuliisugua kwa msasa wa maji, si mkavu, kwa sababu rangi za kale huweza kuwa na risasi. Tangi la petroli lililokuwa na tundu tulinunua jingine lililotumika, kwa maana kuchomelea tangi lililokwisha petroli ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke ndio unaolipuka. Ndani ya chesisi tulinyunyiza nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika tapentaini, mbali na moto, na matundu ya kutolea maji tukayazibua kwa waya. Matundu hayo yazibuliwe kila mwaka kabla ya masika, na gari lioshwe chini kwa maji baridi kila baada ya kubeba samaki.

Hesabu ilifungwa ikiwa imebaki fedha kidogo chini ya mpaka niliouweka. Nusu yake ilikwenda katika chesisi na breki, robo katika kichwa cha injini, iliyobaki katika tairi na mengineyo. Gari lilipita ukaguzi, na msimu wa machungwa uliofuata lilirudi kazini, likiendeshwa na dereva aliyeajiriwa na mama mdogo mwenyewe. Gia ya tatu bado huruka likiwa na mzigo mlimani. Dereva huishika kwa mkono, na giaboksi itafunguliwa msimu ukiisha.